Saini inayogoma kumfuata mtumaji: Thunderbird, Roundcube, Gmail, Outlook au Apple Mail?

Mgeni ameandika kutoka Milano akiuliza bei ya chumba huko Shela, Lamu. Jibu limetoka kwa anwani ya vyumba, bei ni sahihi, tarehe ni sahihi. Lakini mwisho wa barua pepe hiyo, mahali pa saini, pamekaa maneno haya:

Safari za Mashua
Tunaondoka gatini kila siku saa 2 asubuhi
Njooni na kofia na maji ya kunywa

Chini yake kuna namba ya simu ya nahodha. Mgeni anaipiga, na nahodha yuko Manda Toto na watu wanane majini; hana kitabu cha wageni wala habari ya chumba. Ofisi nyingi za Lamu na Malindi zinaendeshwa hivi: mtu mmoja, kompyuta moja, anwani tatu au nne. Kuna ya vyumba, ya safari, ya hesabu, na pengine ya mwenye nyumba aliyeko ng'ambo. Mstari wa "From", yaani wa mtumaji, unabadilishwa mara ishirini kwa siku, na saini ya chini inabaki ya yule wa mwanzo.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Kama kompyuta ni yako na anwani zote zinaingia kwenye kikasha kimoja, chukua Thunderbird, programu ya barua pepe inayowekwa ndani ya kompyuta. Kama kompyuta inatumiwa na watu kadhaa kwa zamu, Roundcube inayofunguka kwenye kivinjari inatosha, mradi uandike kwa HTML, yaani barua yenye mitindo ya herufi na picha, si maandishi matupu. Kama tayari uko Gmail, huna haja ya kuhama. Kuna mipangilio miwili tu ya kurekebisha. Outlook na Apple Mail zinafaa pale ambapo kila anwani ni akaunti kamili yenye nenosiri lake. Kwa anwani za ziada ndani ya akaunti moja, hizo mbili zitakuchosha.

Kinachotokea ukibadilisha mtumaji

Programu huweka saini mara tu dirisha la kuandikia linapofunguka, kabla hujaandika hata neno. Ukibadilisha "From" baadaye, inabidi ifanye kazi mbili: iitafute saini ya zamani na kuiondoa, kisha iweke mpya mahali pake. Ikishindwa ya kwanza, unapata saini mbili, moja juu ya nyingine. Ikiwa haikujua kabisa kwamba mtumaji amebadilika, unabaki na ile ya zamani.

Kwa hiyo, ukitaka kuijua programu, iulize maswali mawili. Je, saini imefungwa kwenye akaunti au kwenye utambulisho? Na je, inaitambuaje saini yake ndani ya maandishi yako?

Tofauti ya akaunti na utambulisho ndiyo inayowapotosha wengi. Chukua mfano wa nyumba ya Mkomani yenye mlango wa barabarani na mlango wa uani. Nyumba ni moja na waliomo ni wale wale, ila anayekuona unatoka mlango huu hakujui kama yule anayekuona unatoka ule. Akaunti ndiyo nyumba: ina kikasha chake, nenosiri lake na seva yake. Utambulisho ni mlango: jina, anwani na saini vinavyoonekana na anayepokea. Programu inayofunga saini kwenye nyumba haiwezi kuibadilisha unapobadilisha mlango tu.

Thunderbird

Hii inafunga saini kwenye utambulisho, na ndiyo sababu tunaiweka mbele. Fungua "Account Settings", chagua akaunti, kisha bofya "Manage Identities" na "Add". Kila utambulisho unapewa jina lake, anwani, anwani ya kujibiwa, saini, na ukitaka, seva yake ya kutuma barua. Ukiandika saini yenye vitambulishi vya HTML (amri zinazoandikwa ndani ya vimabano), weka tiki kwenye "Use HTML". Usipoweka, mpokeaji ataviona vile vimabano vyenyewe.

Ndani ya barua, Thunderbird huizungushia saini alama isiyoonekana inayoitwa moz-signature. Ukibadilisha "From", inatafuta alama hiyo, inaondoa kilichomo, inaweka saini ya utambulisho mpya. Ni njia imara, kwa sababu hata ukiwa umegusa neno moja ndani ya saini, alama bado ipo na kazi inafanyika.

Uimara huo una gharama yake, na ni vizuri kuijua mapema. Ukiandika ujumbe wako ndani ya eneo la saini, chini ya vistari viwili (--) vinavyotangulia saini, maneno yako yanahesabiwa kuwa sehemu ya saini. Ukibadilisha mtumaji yanaondoka nayo. Weka mshale juu ya vistari, au chagua mtumaji kwanza ndipo uandike. Hii ya pili ni tabia nzuri kwa programu zote tano.

Saini isipobadilika kwenye Thunderbird, sababu huwa ni mojawapo ya hizi, na tunazipanga kwa jinsi zinavyotega watu.

Ya kwanza ni "Customize From Address", iliyoko mwisho wa orodha ya "From". Ukiichagua unaruhusiwa kuandika anwani yoyote kwa mkono, lakini unabadilisha maandishi tu. Utambulisho haujaguswa, kwa hiyo saini haina sababu ya kusogea. Juu ya hayo, seva inaweza kuikataa barua kwa kuwa anwani hiyo haiijui. Dawa yake ni kuitengenezea anwani hiyo utambulisho wake mara moja, na usirudi tena kwenye kuandika kwa mkono.

Ya pili imejificha kwenye kichupo cha "Composition & Addressing" ndani ya kila utambulisho. Huko kuna tiki za kuweka saini kwenye majibu na kwenye barua zinazopelekwa mbele. Utambulisho wa vyumba unaweza kuwa na tiki na wa hesabu usiwe nayo. Ukijibu kwa wa vyumba kisha ukahamia wa hesabu, saini inatoweka kabisa, na mtu anadhani programu imeharibika. Pitia kila utambulisho uhakikishe tiki zinafanana. Kwenye kichupo hicho hicho utaona mahali saini inapokaa, juu ya nukuu (barua ya awali inayorudiwa ndani ya jibu) au chini yake. Kwa barua za wageni iweke juu ya nukuu. Hakuna mgeni atakayeteremka barua saba za nyuma kutafuta namba ya simu.

Ya tatu ni saini iliyobandikwa. Mtu amenakili barua ya zamani ya bei za vyumba na kuifanya kiolezo, saini ikiwa ndani yake. Kwa Thunderbird hayo ni maandishi ya kawaida tu. Itaongeza saini mpya na ile ya kiolezo ibaki pale pale. Futa saini kwenye violezo vyote.

Ya nne ni saini inayosomwa kutoka faili. Ukiweka tiki ya kutumia faili, yale uliyoandika kwenye kisanduku hayatumiki. Faili likihamishwa folda au likiwa kwenye fleshi iliyochomolewa, saini haiji.

Jambo moja zuri ambalo wengi hawalijui: unapojibu, Thunderbird inaangalia barua ilielekezwa kwa anwani ipi, na ikikuta utambulisho wenye anwani hiyo inauchagua yenyewe. Mgeni akiandika kwa vyumba, jibu linatoka vyumba na saini ya vyumba bila wewe kugusa kitu. Linaloharibu ni barua iliyopitia mahali pengine ikafika bila anwani yako kwenye mstari wa "To". Hapo inarudi kwenye utambulisho wa kwanza. Kwenye mipangilio ya utambulisho upo mstari wa kuulinganisha na vichwa vya barua (mistari ya taarifa za safari yake), na ukiujaza kwa anwani husika tatizo hilo linapungua.

Roundcube

Ukinunua nafasi ya tovuti yenye anwani zinazoishia na .co.ke, mara nyingi unapewa cPanel (ukurasa wa kusimamia tovuti na anwani zake), na ndani yake Roundcube. Haisakinishwi popote, unafungua kivinjari tu. Nayo inafunga saini kwenye utambulisho: "Settings", "Identities", "Create", unaandika saini humo humo. Kisha nenda "Preferences", sehemu ya kuandika barua, uangalie saini inaongezwa lini: daima, kwenye barua mpya tu, au kwenye majibu tu. Ikiwa imewekwa kwa barua mpya tu, usishangae majibu yakitoka bila saini.

Udhaifu wake uko kwenye kuitambua saini ya zamani, na hapa inafaa kuangalia kwa karibu. Ukiandika kwa maandishi matupu, Roundcube haina alama iliyofichwa ya kuitambulisha saini. Inachofanya ni kutafuta ndani ya barua maneno yale yale ya saini ya zamani, herufi kwa herufi. Ikiyakuta, inayaondoa. Sasa tuseme saini inasema "Ofisi: Langoni, saa 3 hadi saa 10", na kwa kuwa ni Ramadhani umebadilisha ndani ya barua hii ikawa "saa 3 hadi saa 8". Unabadilisha mtumaji. Roundcube inatafuta "saa 10", haioni, inaamua hakuna saini ya kuondoa, inaweka mpya. Mgeni anapata saini mbili zenye saa tofauti.

Ukiandika kwa HTML hali ni tofauti. Saini inawekwa ndani ya kisehemu chenye jina la siri, _rc_sig, na kinachobadilishwa ni kilicho ndani ya kisehemu hicho, hata kama umekihariri. Kwa hiyo kwenye mipangilio ya kuandika, chagua HTML iwe daima. Na saa za Ramadhani zibadilishe kwenye utambulisho wenyewe, si ndani ya barua moja moja.

Thunderbird na Roundcube zikiwekwa bega kwa bega kwa kazi hii, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Thunderbird inashinda pale intaneti inapokatika, kwa sababu barua ziko ndani ya kompyuta na unaweza kuandika majibu kumi yakasubiri. Roundcube inashinda pale wafanyakazi wawili wanapopokezana kompyuta, maana tambulisho na saini ziko kwenye seva. Kompyuta ikiharibika hupotezi chochote.

Gmail kwenye kivinjari

Tangu 2020 Gmail inaruhusu saini nyingi, na kila anwani uliyoiongeza chini ya "Send mail as" inaweza kuwa na yake. Anwani hiyo lazima ithibitishwe kwanza kwa kiungo au namba inayotumwa kwenye kikasha chake.

Bofya alama ya gia, "See all settings", teremka hadi "Signature", utengeneze saini zako. Kosa kubwa liko mstari unaofuata. Chini ya saini pana sehemu ya "Signature defaults" yenye orodha ndogo ya anwani. Unachagua anwani, kisha unachagua saini ya barua mpya na saini ya majibu. Wengi huipangia anwani ya kwanza na kuondoka, bila kuona kwamba orodha ile inafunguka na anwani nyingine zinangoja zamu yao. Rudia kwa kila anwani. Halafu teremka mpaka mwisho wa ukurasa ubofye "Save Changes". Ukifunga bila kubofya, kazi yote imepotea.

Mpangilio wa pili uko kwenye kichupo cha "Accounts and Import": jibu litoke kwa anwani iliyoandikiwa, au daima kwa anwani kuu. Chagua ile iliyoandikiwa. Bila hivyo, unajibu barua ya safari kwa anwani kuu na kila mara unabadilisha kwa mkono. Tena kwenye majibu mstari wa "From" hauonekani mpaka ubofye majina ya wapokeaji, na saini yenyewe inaweza kuwa imefichwa chini ya nukta tatu. Weka tiki ya kuiweka saini kabla ya nukuu ili uione unachotuma.

Ukishaigusa saini kwa mkono ndani ya barua, usiitegemee ibadilike yenyewe. Chini ya dirisha la kuandikia kuna alama ya kalamu. Bofya uchague saini unayoitaka, kisha uangalie kwa macho kama ya zamani imeondoka.

Outlook

Kwanza ujue unayo ipi. Outlook ya zamani ya Windows, yenye "File" pembeni juu kushoto, inaweka saini kwa akaunti: "File", "Options", "Mail", "Signatures", kisha unachagua akaunti na saini zake mbili. Ukihama kutoka akaunti moja kwenda nyingine kwenye "From", saini inabadilika. Lakini ukichagua "Other Email Address" ukaandika anwani ya ziada au ya kikasha cha pamoja, Outlook haioni akaunti mpya, na saini inabaki. Hakuna tiki ya kurekebisha hilo. Bofya kitufe cha kulia juu ya saini, orodha ya saini itajitokeza, chagua.

Inaitambua saini yake kwa alamisho iliyofichwa, _MailAutoSig. Ukifuta kipande kikubwa cha barua kwa pupa unaweza kuifuta alamisho nayo, na mabadiliko yanayofuata yakaongeza saini badala ya kuibadilisha. Saini zenyewe hukaa kwenye folda ya Signatures ndani ya Microsoft, chini ya %APPDATA%, kila moja kwa namna tatu: htm, rtf na txt. Nakili folda hiyo kabla ya kubadilisha kompyuta.

Outlook mpya na ile ya kwenye kivinjari zinapanga saini kwa akaunti vilevile, na anwani za ziada ndani ya akaunti moja hushiriki saini ya akaunti hiyo. Kwa ofisi ya kikasha kimoja chenye anwani nne, hatuipendekezi.

Apple Mail

Kwenye Mac, saini hupangwa kwa akaunti chini ya "Signatures", na kila akaunti huchaguliwa saini yake ya kawaida. Anwani za ziada za akaunti hiyo hazina saini zao. Orodha ya kuchagua saini hutokea kwenye dirisha la kuandikia, na hiyo ndiyo njia ya kutokea. Angalia usiache akaunti imewekwa kuchagua saini kwa bahati nasibu. Chaguo hilo lipo, na huleta malalamiko yasiyoeleweka.

Anwani moja, lugha mbili

Malindi kuna jambo jingine. Anwani ni moja, lakini wageni wa Italia wanataka saini ya Kiitaliano na wengine wa Kiingereza. Thunderbird inakuruhusu kuwa na tambulisho mbili zenye anwani ile ile. Zipe lebo tofauti ili uzitofautishe kwenye orodha. Kwenye majibu itachagua ya kwanza inayolingana, kwa hiyo itangulize lugha unayoitumia zaidi. Kwa kazi hii Gmail haiko nyuma: alama ya kalamu inatosha kabisa, na ni mibofyo miwili. Kuanza kuhamia programu nyingine kwa ajili ya lugha tu ni kujichosha.

Kwenye simu

Usitarajie simu ifuate mipangilio ya kompyuta. Saini ya simu ya Gmail ni moja kwa akaunti nzima, maandishi matupu, na haijui umebadilisha anwani. iPhone nayo inataka uchague "Per Account" kwenye mipangilio ya saini ya Mail. Ikiwa "All Accounts", anwani zote zitatoka na maneno yale yale. Kwa Android, Thunderbird iliyotoka 2024, ambayo imejengwa juu ya K-9 Mail, ina tambulisho kamili, na saini inakaa kwenye kisanduku chake chini ya barua. Ukibadilisha utambulisho kisanduku kinabadilika, nawe unakiona. Ni maandishi matupu tu, bila picha, na kwa anayetumia bando hilo ni la heri. Nembo ya KB 300 kwenye barua 40 ni MB 12 kwa siku, kwa kupakia tu. Hata kwenye kompyuta, nembo isizidi KB 20.

Usiweke namba ya Paybill au ya akaunti ya benki ndani ya saini, kwenye programu yoyote. Saini ikikosea, simu inaita kwa nahodha na kosa linaonekana mara moja. Malipo yakienda kwenye namba ya idara nyingine, hakuna anayejua mpaka mgeni afike na risiti mkononi.

Jaribio kabla ya kuamua

Haya yafanye kwa anwani zako halisi, ukijitumia mwenyewe. Fungua barua mpya, andika mstari mmoja. Badilisha "From" kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kisha urudi ya kwanza. Saini ziwe moja tu na mstari wako uwe umebaki. Sasa gusa neno moja ndani ya saini, ubadilishe tena. Hapa ndipo Roundcube ya maandishi matupu inapodondoka. Rudia kwenye jibu, kisha kwenye barua ya kupeleka mbele, maana mipangilio yake ni tofauti. Mwisho hifadhi rasimu, funga programu, ifungue rasimu ile na ubadilishe mtumaji mara moja zaidi. Barua zikifika, zifungue kwenye simu, uangalie mstari wa mtumaji na saini kwa pamoja: ukikuta mtumaji amerudi kuwa anwani kuu ilhali saini ni ya safari, shida iko kwenye seva ya kutuma barua ya utambulisho huo, na hakuna mpangilio wa saini utakaoiponya.